Bima ya afya ya serikali: nilipe au niachane nayo? Jibu kwa dada wa mitumba Mwanza

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Habari za kazi kaka. Mi nauza mitumba Mlango Mmoja hapa Mwanza, mume wangu bodaboda, tuna watoto watatu. Mwaka 2023 nilienda kumkatia mdogo Toto Afya Kadi nikaambiwa imesitishwa, labda aandikishwe shuleni au tukate ya familia. Sasa wanasema bima ya afya kwa wote, kila mtu lazima awe nayo. Kwa nini serikali ndo iendeshe bima wakati ile ya watoto tu imewashinda? Si bora waachie makampuni, au watutibu bure kwa kodi tunazokatwa kila siku? Na Kenya mbona wanalia na SHA yao, ile bima yao mpya ya afya? Nilipe au niachane nayo?"

Salama dada yangu, poleni na utafutaji. Umeuliza maswali manne kwa mpigo na yote ya maana, ila nitaanza na la Toto Afya sababu ukilielewa hilo mengine yanakuja yenyewe. Na niseme mapema nimesimama wapi: kazi yangu ni hesabu za bima, nimekaa upande wa makampuni na upande wa mifuko, na mimi naunga mkono bima ya lazima inayosimamiwa na umma. Ila siungi mkono kila wanachofanya kwa jina la hiyo bima, utaona huko chini.

Toto Afya ilikuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, chini ya miaka 18. Sasa chukua watoto mia moja wa kawaida tu, wowote wale, wa mtaani kwako. Wote wakilipa unapata 5,040,000. Tuseme kati yao kumi wataumwa kitu cha kueleweka mwaka huo na kila mmoja atakula laki tatu, hiyo ni milioni tatu, mfuko unabaki na milioni mbili na ushee za homa homa za wengine na gharama za ofisi, maisha yanaenda. Lakini hawakuja watoto mia wa kawaida. Kadi ilikuwa ya hiari, mzazi ambaye mtoto wake anacheza mpira tangu asubuhi hana haraka ya kutoa elfu hamsini, na wala simlaumu. Anayekimbia kukata ni yule ambaye mtoto ana sikoseli, au moyo, au ameshaambiwa na daktari kuna opareshini inakuja. Kwa hiyo kwenye wale mia unakuta sitini ni wagonjwa tayari, na sitini mara laki tatu ni milioni 18, na mkononi una milioni tano. Namba hizi nimetunga ili uone hesabu inavyokwenda, ila ndo kilichotokea, na ndo sababu waliyoitoa NHIF wenyewe, yaani mfuko wa taifa wa bima ya afya, walipositisha: walioandikishwa wengi walikuwa wanaletwa wakiwa wanaumwa na matumizi yakapita makusanyo mbali sana. Baadaye wakairudisha kwa masharti mapya.

Mfano ambao huwa nautumia ni kile kikundi cha kufa na kuzikana. Kila nyumba inatoa elfu mbili kwa mwezi, msiba ukitokea kuna sanda, kuna turubai, kuna chakula. Sasa fikiria katiba ya kikundi inaruhusu mtu kujiunga siku ambayo maiti iko ndani, analipa elfu mbili yake na anadai turubai na ng'ombe. Hicho kikundi hakimalizi mwaka! Na mwenyekiti hata angekuwa malaika kisingemaliza.

Kwa hiyo ukiniuliza kama serikali ilishindwa kwa sababu ni serikali, hapana. Ilishindwa kwa sababu iliuza bima ya hiari kwa bei ya watoto wenye afya njema na wagonjwa wakaja peke yao. Kampuni binafsi ingefanya vile vile ingekufa ndani ya miaka miwili, na ndo maana kampuni haifanyi hivyo. Hapo sasa tuje kwenye "waachie makampuni".

Kampuni inajikinga vipi na hilo tatizo? Inachuja. Inakupa fomu una presha? una sukari? una mimba? na majibu yako yanaamua bei au yanaamua kama utapokelewa kabisa. Inakuwekea miezi ya kusubiri kabla ya kujifungua au opareshini. Mama yako wa miaka 68 wanamkataa kistaarabu kabisa na barua nzuri. Na zaidi ya yote kampuni inapenda kuuza kwa mwajiri, watu mia mbili wa ofisi moja kwa mkupuo, kwa sababu hao wamekuja kwa ajili ya ajira sio kwa ajili ya ugonjwa, wamechanganyika wenyewe. Muuza mitumba na bodaboda hawana mwajiri wa kuwaleta kwa kundi. Na bodaboda dada, tuongee ukweli, nenda wodi ya mifupa Bugando uone vijana waliolala pale na miguu imefungwa vyuma, kampuni gani itampa mumeo bei ya kawaida? Makampuni yana kazi yake nzuri, yanaenda haraka, huduma kwa simu wanajua, na sheria yenyewe mpya inaruhusu skimu binafsi zisajiliwe chini ya TIRA, ile mamlaka inayosimamia bima. Ila kukufikia wewe hapo sokoni sio biashara yao na hawajawahi kudanganya kwamba ni biashara yao.

Kuhusu kutibiwa bure kwa kodi, hili swali nalipenda kwa sababu sisi tumewahi kuwa huko. Baada ya Azimio la Arusha matibabu yalikuwa bure, na mwaka 1977 hospitali binafsi za kibiashara zikapigwa marufuku kabisa, zikaruhusiwa tena 1991. Waulize wazee wako. Watakwambia kweli ulikuwa hulipi, na watakwambia pia miaka ya themanini uchumi ulipobanwa ulikuwa unaenda zahanati unakuta muuguzi na kitanda tu, dawa hamna. Mwaka 1993 ikaanza kuchangia huduma, ndo hizi pesa za dirishani tunazolipa mpaka leo. Kuna nchi zinatibu kwa kodi na inakwenda, Uingereza tangu 1948, Thailand tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipoanza mpango wa baht 30, yaani mgonjwa analipa baht 30 tu za kwao kila akienda kutibiwa, na Thailand haikuwa nchi tajiri sana wakati inaanza, kwa hiyo sio ndoto. Ila inataka bajeti. Viongozi wa Afrika walikaa Abuja mwaka 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya, na sisi tumekuwa chini ya hapo. Halafu hata sasa hivi kuna bure, si ndio? Mjamzito bure, mtoto chini ya miaka mitano bure, mzee wa zaidi ya 60 asiye na uwezo bure. Na wewe una watoto watatu unajua hiyo bure ikoje: unaandikiwa, unaambiwa dawa hii hatuna kanunue duka la pale nje. Bure ambayo haina pesa nyuma yake inakuwa ni karatasi ya kwendea duka la dawa.

Kwa hiyo mimi kwangu ugomvi wa bima au kodi huwa naona umewekwa vibaya. Pesa inatoka mfukoni kwenu yote mawili. La kugombania ni nani anamlipia asiyeweza, na je ikishalipwa inafika kwenye dawa.

Tuchukue hilo la nani analipa sababu hapa ndo mjadala wetu ulipowaka. Mtumishi wa serikali anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaweka 3, jumla 6, mfuko huu wa NHIF uliundwa kwa sheria ya 1999 ukaanza kazi 2001. Mtu wa mshahara wa laki sita anachangiwa elfu 36 kwa mwezi, nusu haigusi mfuko wake, na nusu yake yeye inakatwa kabla hajaiona hivyo hata hailalamikii sana. Anatibiwa yeye, mwenza na wategemezi wake. Upande mwingine kulikuwa na CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, elfu 30 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima. Gawa hiyo, ni elfu tano kwa kichwa kwa mwaka! Elfu tano mwaka mzima haimtibu mtu, vipimo na dawa za ugonjwa mmoja tu zinaimaliza. Ndo maana watu walikata mara moja, wakaenda kituoni wakakuta dawa hamna, mwaka uliofuata hawakurudi. Bei ilikuwa ya kisiasa, kila mtu aliifurahia siku ya uzinduzi.

Halafu mwaka 2022 ukaja muswada wa bima kwa wote na namba zikatajwa, 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja. Kutoka elfu 30 kwenda laki tatu na arobaini, mara kumi na moja na kitu, bila mwajiri wa kukuwekea nusu. Na ndani ya muswada kulikuwa na mapendekezo ya kufunga bima na vitu vingine, leseni ya udereva, leseni ya biashara, yani huna kadi hupati. Watu walichachamaa na mimi nilichachamaa pamoja nao japo ni mtu wa bima ya lazima. Kwa sababu ulazima ni dawa ya lile tatizo la wagonjwa kuja peke yao, sawa, lakini ukimlazimisha mtu asiyekuwa na laki tatu hujapata laki tatu, umepata bodaboda asiye na leseni. Muswada ukarudishwa, ukafanyiwa kazi, Bunge likapitisha sheria Novemba 2023.

Sheria hiyo iliyopitishwa ina kitu ambacho wengi hawakuongelea kwa sababu kilikuwa nyuma nyuma huko, na kwangu ndo moyo wa jambo lote: mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na vyanzo vimetajwa, sehemu ya ushuru wa soda, pombe na vipodozi, kodi ya michezo ya kubahatisha, bima za magari, miamala ya kielektroniki. Maana yake kijana anayebeti na mtu anayekunywa bia mbili wanamchangia bibi asiyekuwa na kitu. Hii naiunga mkono kwa mikono miwili. Ghana walifanya kitu cha namna hii tangu sheria yao ya 2003, wakaweka asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma, inakusanywa kama VAT, na ndo inayobeba sehemu kubwa ya mfuko wao, michango ya watu ni kidogo. Ukinunua sabuni umeshachangia. Haikwepeki na haihitaji mgambo. Rwanda nao mutuelle yao, bima ya afya ya jamii, ni ya lazima, maskini kabisa wanalipiwa, tangu 2015 inasimamiwa na RSSB, mfuko wao wa hifadhi ya jamii, na zaidi ya watu nane kwa kila kumi wamo ndani. Sisi mpaka sheria inapitishwa 2023 wenye bima ya aina yoyote walikuwa kama asilimia 15 hivi.

Ila usidhani Ghana ni peponi. Pesa ya ile kodi inapita kwanza hazina, na hazina inachelewa kuipeleka kwenye mfuko, mfuko unachelewa kulipa hospitali, hospitali zinaanza kuomba wagonjwa wenye kadi waongezee kidogo mkononi. Hii ndo hofu yangu kubwa hata kwetu, kubwa kuliko bei. Mfuko wa umma una pesa nyingi zimekaa, na pesa zilizokaa zinatamanisha. CAG wetu, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ameandika kwenye ripoti zake kuhusu NHIF kutumia zaidi ya inachokusanya na pia kuhusu mikopo ambayo serikali na taasisi zake walichukua kwenye mfuko na kurudisha kukawa kwa kusuasua. Yaani wewe unaambiwa watoto wenu wamekula mfuko, kumbe na wakubwa wapo kwenye foleni. Watu wakikwambia serikali isiendeshe bima wakataja hili, hapo wana hoja na mimi sina cha kuwajibu zaidi ya kusema mfuko uwe na bodi ambayo wachangiaji wana viti vya kweli na hesabu zitoke hadharani kila mwaka.

Na kuna lingine, serikali kwenye hii biashara ni mnunuzi, ni muuzaji na ni refa. Inamiliki mfuko, inamiliki hospitali nyingi, na inapanga bei. Tuliona Machi 2024 kitita kipya cha mafao cha NHIF kilipoanza kutumika tarehe 1, hospitali binafsi kupitia umoja wao wa APHFTA wakasema bei hizi hazitulipi, wakasitisha huduma kwa wenye kadi. Watu walifika asubuhi na kadi zao halali wakaambiwa dirisha la keshi au nenda Muhimbili. Siku chache baadaye wakakaa mezani huduma zikarudi, lakini zile siku chache kuna watu walikuwa katikati ya kusafisha figo. Nani alikuwa na haki pale? Kwa maoni yangu wote walikuwa na nusu nusu. Baadhi ya bei za zamani zilikuwa zinanyonya mfuko, dawa ileile inalipwa mara mbili ya bei ya duka, na madai ya uongo yapo kweli, mtu anaandikiwa kipimo ambacho hakufanyiwa, kadi zinaazimwa shangazi kwa binamu. Lakini kupanga bei peke yako halafu kumtangazia mwenzako sio majadiliano. Hapa ningetaka chombo kingine kabisa cha kupanga bei, sio mfuko wenyewe.

Kenya nitapita haraka. Walikuwa na NHIF yao tangu 1966, mtu asiye na ajira alikuwa analipa shilingi 500 za kwao kwa mwezi. Oktoba 2024 ikaja SHA, aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo cha juu, na asiyeajiriwa anaulizwa maswali, nyumba ya bati au vigae, una ng'ombe wangapi, mfumo unakadiria kipato chake halafu anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa pamoja, kiwango cha chini kikiwa 300 kwa mwezi. Hapo ndo kilio kilipo. Mama mboga wa Nairobi ana pesa ya leo, hana pesa ya mwaka. Kujiandikisha walijiandikisha mamilioni, ila waliolipa upande wa wasio na ajira ni wachache mno ukilinganisha, na wanaokatwa mishahara wanahisi wao ndo wanaobeba nchi. Ukiongeza madeni ya hospitali yaliyorithiwa kutoka NHIF na mfumo wa kompyuta uliokuwa unagoma mwanzoni, unapata hicho unachokisikia. Kuna kitu kimoja wamefanya vizuri na sitaki kukiruka, wametenga mfuko wa zahanati na vituo vya chini unaolipwa na serikali, na mfuko wa dharura na magonjwa makubwa peke yake, ili kansa ya mtu mmoja isimeze pesa ya malaria ya watu elfu. Hata 2004 Bunge lao lilishawahi kupitisha bima ya taifa, Rais Kibaki akakataa kusaini. Kwa hiyo huu mjadala hata kwao una zaidi ya miaka ishirini.

Sasa wewe. Nilipe au niachane nayo.

Lipa dada, ila lipa kwa akili. Nyie mko watano na mume yuko barabarani kuanzia asubuhi mpaka usiku, ajali moja tu ya mguu inauza marobota yote ya mitumba na pikipiki juu yake. Homa za watoto utazimudu hata bila kadi, unachonunua ni ulinzi wa lile moja kubwa. Kwa hiyo ukifika kwenye ofisi ya NHIF ya mkoa usiulize tu bei ni ngapi, viwango vinapangwa kwa kanuni na vinabadilika, chukua kile cha siku hiyo. Uliza kifurushi hiki kinalipa opareshini ya mifupa au kinaishia kwenye OPD, yaani matibabu ya kwenda na kurudi bila kulazwa? Kinafika Bugando kwa rufaa au kinaishia hospitali ya wilaya? Kulazwa ni siku ngapi? Kuna miezi ya kusubiri kwa kitu gani? Wakikujibu kwa mdomo omba waonyeshe kwenye karatasi ya mafao.

Andikisheni familia nzima kwa mara moja, msiandikishe yule anayeumwa tu, kwa sababu ndo kosa lilelile la Toto Afya na pia watoto wengine wakiumwa katikati ya mwaka mtaanza kuhangaika. Hakikisheni majina kwenye kadi yanafanana herufi kwa herufi na NIDA na vyeti vya kuzaliwa, nimeona watu wakirudishwa dirishani kwa herufi moja. Malipo ni kwa kontroo namba tu, usimpe keshi mtu yeyote hata akivaa kitambulisho. Kama kulipa kwa mkupuo ni shida, wekeni kidogo kidogo kwenye kikoba kuanzia sasa, mkilenga msimu ambao mzigo wako unatoka vizuri, maana kadi ikishaisha muda wake hata kwa wiki moja unaweza kujikuta unaanza upya kama mgeni.

Na kabla ya yote hayo, pita kwenye kituo cha afya mnachokitumia hapo jirani, nenda dirisha la dawa sio dirisha la usajili, uliza taratibu tu mtu mwenye kadi akija hapa huwa anapata dawa zote au anaandikiwa za nje. Waulize na akina mama waliokaa kwenye benchi. Kama majibu ni ya nje, chagueni kituo kingine cha karibu kwa matibabu yenu ya kawaida, msikae pale kwa sababu ya ukaribu tu.

Mumeo mwambie kofia ngumu avae yeye na abiria, hiyo hakuna bima inayoilipia.